Mungu Kwanza: Amri Waliyopewa Watu Waliokwisha Kuwekwa Huru

Maneno "Mungu kwanza" yameenea sana siku hizi. Yako kwenye wasifu wa watu mitandaoni, katika shukrani za wanamichezo baada ya ushindi, katika hotuba za wanaoomba kura na katika maazimio ya kila mwanzo wa mwaka. Katika mitandao hiyohiyo imepata nguvu sauti nyingine, ya watu waliolelewa kanisani, wakahudumu katika kwaya na vikundi vya maombi, na ambao sasa wanasimulia jinsi walivyoondoka. Sauti hizi mbili zinatumia neno moja. Wa kwanza wanashuhudia kwamba walipata uhuru siku walipoamua kumtanguliza Mungu. Wa pili wanashuhudia kwamba walipata uhuru siku walipoacha kufanya hivyo. Wengi wanauchukulia mvutano huu kama ugomvi wa kawaida kati ya wanaoamini na wasioamini, kisha kila mmoja anachagua upande wake. Nadhani tunakosea. Kiini cha mvutano ni neno "kwanza", ambalo pande zote mbili zimelipokea kwa maana moja, na maana hiyo si ile ya Maandiko.

Ninachokitetea ni hiki: katika imani ya Kikristo, kumtanguliza Mungu si bei anayolipa mtu ili apewe uhuru, wala si kuiweka ibada juu kabisa katika orodha ya majukumu ya juma. Ni kukataa kwamba kitu kingine chochote, iwe mali, hofu, ukoo, sifa njema au hata mtumishi wa Mungu, kina haki ya kummiliki mwanadamu. Uhuru wa kiroho hauji baadaye kama zawadi ya kukataa huko. Umo ndani yake. Na kama hilo ni kweli, basi popote ambapo "Mungu kwanza" inazaa woga na utii usiohoji mbele ya binadamu, tuna haki ya kuuliza ni nani hasa aliyetangulizwa.

Tuanze na amri yenyewe, kwa sababu mara nyingi tunaisoma tukiwa tumeikata kichwa. Tunakumbuka "Usiwe na miungu mingine ila mimi" (Kutoka 20:3), lakini kabla ya katazo hilo kuna taarifa: "Mimi ni Bwana, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Watu waliokuwa wamesimama chini ya Sinai walikuwa wamekwisha kuvuka bahari, na Farao alikuwa nyuma yao. Hakuna aliyewaambia wamtangulize Mungu ndipo atafikiria kuwatoa utumwani. Waliambiwa wasiwe na mungu mwingine kwa sababu wametolewa, na kwa sababu njia ya kurudi Misri ni fupi sana kwa mtu ambaye moyo wake bado unatafuta bwana wa kumwinamia. Ndiyo maana ombi lililorudiwa mbele ya Farao lilikuwa na sehemu mbili zisizotenganishwa: wape watu wangu ruhusa waende, nao wanitumikie. Katika Kiebrania, shina la neno linalotajwa hapo kwa maana ya kumtumikia Mungu ndilo linalotajwa kwa utumwa wa Misri. Kazi inaweza kuitwa kwa neno moja, lakini tofauti ya mabwana hao wawili ni kubwa kama ya kifo na uzima. Farao, aliposikia kwamba watu wanataka kwenda kuabudu, aliwaita wavivu, akawanyima majani ya kutengenezea matofali na kuwaachia hesabu ileile ya matofali ya kila siku. Mungu, alipowapa sheria, aliwaamuru kupumzika. Na katika Kumbukumbu la Torati 5, siku ya kupumzika inatolewa pamoja na sababu yake: mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe, nawe ukumbuke kwamba ulikuwa mtumwa Misri. Huyo ndiye Mungu anayeomba kuwa wa kwanza. Mtu akiambiwa kwamba kumtanguliza Mungu maana yake ni kutopumzika kamwe, aliyezungumza naye anatumia sauti ya Farao.

Wasomaji wa Kiswahili tuna fursa hapa ambayo sidhani tumeitumia vya kutosha. Wafasiri wa Biblia ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, walipofika Wagalatia 5:1 waliandika: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru; kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Yasome maneno hayo polepole. Mwungwana, katika Kiswahili cha zamani, hakuwa mtu wa adabu tu, kama tunavyomaanisha leo. Alikuwa mtu asiye mtumwa, mwenye jina na ukoo, ambaye hakuna awezaye kumpeleka sokoni. "Kumwandika mtu huru" ni lugha ya hati, ya karatasi ambayo aliyekuwa mtumwa angeweza kuionyesha kwa yeyote aliyedai kumrudisha. Na kongwa ni lile gogo lenye panda lililofungwa shingoni mwa mateka njiani. Kwa watu ambao kumbukumbu ya misafara ya watumwa ilikuwa bado hai, mstari huo haukuwa mapambo ya mahubiri. Ulisema kwamba Mkristo ana hati mkononi, na kwamba kosa kubwa analoweza kulifanya ni kuirudisha shingo yake kwenye panda ya gogo kwa hiari yake, tena wakati mwingine akiimba. Tena Paulo hawaandikii wapagani waliokuwa wakirudia sanamu. Anawaandikia waamini waliokuwa wakiongezewa masharti ya dini ili wakubalike. Kongwa alilolihofia lilitoka ndani ya mkutano wenyewe.

Kutoka hapo twende kwenye hoja iliyo dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, ingawa ndiyo inayosikika zaidi. Inasema hivi: mtangulize Mungu, naye atakufungulia, utatoka katika madeni, ugonjwa, kukataliwa na kuchelewa, na hapo utakuwa huru. Ushahidi wake mkuu ni Mathayo 6:33, "Bali utafuteni kwanza ufalme wake, na haki yake, na hayo yote mtazidishiwa." Lakini "hayo yote" yanarejelea nini? Mistari miwili tu nyuma yametajwa kwa majina: tule nini, tunywe nini, tuvae nini. Bwana Yesu anazungumza na watu wanaosumbuka juu ya mahitaji ya kesho, na anachowaahidi ni kwamba Baba yao anajua wanayahitaji. Katika sura hiyohiyo amekwisha kusema kwamba hakuna awezaye kutumikia mabwana wawili na kwamba hamwezi kumtumikia Mungu na mali. Kwa hiyo anayeuchukua mstari wa 33 na kuugeuza kuwa njia ya kuifikia mali ameipindua sura nzima. Mali imebaki bwana, na Mungu amefanywa dalali wake. Mtu wa namna hiyo hajawekwa huru hata akipata kila alichoomba, kwa sababu asipokipata atavunjika, na akikipata ataishi kwa hofu ya kukipoteza.

Kipimo bora cha hoja hiyo ni maneno ya vijana watatu wa Kiebrania mbele ya Nebukadreza, mfalme wa Babeli. Katika Danieli 3 wanasema kwanza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, kisha wanaongeza: "Bali kama si hivyo, ujue, Ee mfalme, ya kuwa sisi hatukubali kuitumikia miungu yako." Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyomwudhi mfalme hata sura yake ikabadilika, na haishangazi. Mtawala anaweza kumshinda mtu anayesubiri malipo. Anachohitaji ni kumpa malipo makubwa zaidi au kumtisha kwa hasara kubwa zaidi. Hana la kufanya na mtu aliyekwisha kusema "bali kama si hivyo". Tukumbuke kwamba walikuwa wamefungwa wakati wanatupwa motoni, lakini uhuru wao ulikuwa umekamilika kabla ya mlango wa tanuru kufunguliwa. Wokovu wa mwili uliofuata ulikuwa neema juu ya uhuru, na wangekufa siku ile wangekufa wakiwa huru. Fundisho lolote la kumtanguliza Mungu lisilokuwa na nafasi ya "bali kama si hivyo" ni la biashara, hata likipambwa kwa mistari.

Hoja ya upande wa pili inastahili uangalifu zaidi. Tangu mwanafalsafa Immanuel Kant alipofundisha, mwaka 1785, kwamba heshima ya mwanadamu imo katika uwezo wa utashi wake kujiwekea sheria, na hasa tangu Friedrich Nietzsche alipoyaita maadili ya Kikristo maadili ya watumwa, wengi wameona kwamba kuweka nafsi yoyote juu ya utashi wako ni utumwa, hata nafsi hiyo ikiitwa Mungu. Wakristo wengi huipuuza hoja hii upesi mno, ilhali Paulo mwenyewe aliuhisi uzito wake. Katika Warumi 6 anaandika kwamba waamini, walipokwisha kuwekwa huru mbali na dhambi, wakawa "watumwa wa haki", na papo hapo anajitetea kwamba anasema kwa jinsi ya kibinadamu kwa sababu ya udhaifu wao. Anajua mfano wa mtumwa unachechemea. Yohana 15:15 inaufikisha mahali pengine: "Siwaiti tena watumwa, kwa maana mtumwa hajui atendalo bwana wake, lakini ninyi nimewaita rafiki." Anayemtanguliza Mungu haambiwi azime akili. Anaambiwa mambo ambayo mtumwa haambiwi.

Hata hivyo, hoja hiyo ina udhaifu wake, nao uko katika dhana kwamba mtu asiyemtanguliza Mungu anabaki na kiti kitupu ambacho amekalia mwenyewe. Aliyeeleza vizuri kuliko wengi kwa nini sivyo ni Mwafrika, askofu Agostino, aliyezaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo, mwaka 354. Akikumbuka miaka yake kabla ya ubatizo wa mwaka 387, anasimulia kwamba hakufungwa na pingu za mtu mwingine bali na utashi wake mwenyewe uliokuwa mgumu kama chuma: utashi uliopotoka ulizaa tamaa, tamaa iliyotumikiwa ikawa mazoea, na mazoea yasiyopingwa yakawa lazima. Alikuwa akifanya alichotaka, na kwa kukifanya akapoteza uwezo wa kutaka kitu kingine. Karne kumi na moja baadaye Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa, akiieleza amri ya kwanza, alifundisha kwamba kile ambacho moyo wako umekishikilia na kukitegemea ndicho mungu wako kweli. Hapo suala halihusu tena kuwa na bwana au kutokuwa naye. Linahusu bwana gani anaweza kutumikiwa bila kumtafuna mtumishi wake. Injili ya Mathayo inaeleza jambo hilo kwa mfano wa nyumba ambayo pepo ameitoka; akirudi anaikuta tupu, imefagiwa na kupambwa, anaingia na wenzake saba, na hali ya mwisho ya mtu yule inakuwa mbaya kuliko ya kwanza. Mfano huu unawahusu walioondoka kanisani na kujikuta wakiendeshwa na maoni ya wageni mitandaoni, lakini unatuhusu zaidi sisi tunaohubiri "kufunguliwa" kama tukio la jioni moja. Kufukuza si kukalisha. Nyumba iliyofagiwa kwa maombi na kuachwa tupu bado iko hatarini.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yetu haitoki kwa wanafalsafa. Inatoka kwa watu waliojeruhiwa. Wanasema: mnayoyafundisha yanapendeza, lakini tuliyoyaishi ni mengine, tulipoambiwa tumtangulize Mungu tuliacha shule, tuliacha dawa, tulitengana na wazazi, tulitoa tusichokuwa nacho, na aliyenufaika alikuwa mtu. Sioni njia ya uaminifu ya kulipinga hilo. Tarehe 18 Novemba 1978 watu zaidi ya 900 walikufa huko Jonestown, Guyana, chini ya kiongozi aliyeanza kama mhubiri. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa. Watu hao hawakupotea kwa sababu ya kumpenda Mungu kidogo. Na kwa kila tukio linalofika kwenye magazeti kuna mikutano mingi ambamo mambo hayafiki hapo, lakini mbegu ni ileile: sauti ya mtu mmoja imewekwa mahali pa sauti ya Mungu, kisha kila anayehoji anaonyeshwa Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu", yaani wapakwa mafuta wangu. Zaburi hiyo inawazungumzia Abrahamu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache, wageni, wakitangatanga toka taifa hata taifa, na wanaokemewa ni wafalme. Neno lililotolewa kuwalinda wasio na nguvu dhidi ya wenye nguvu limegeuzwa kuwa ngao ya wenye nguvu dhidi ya wasio nazo.

Lakini majeraha hayo hayathibitishi kwamba kumtanguliza Mungu ni utumwa. Mtu wa kwanza kuyapinga matumizi hayo ya jina la Mungu kwa ukali ni Yesu mwenyewe. Katika Marko 7 anawageukia walimu waliomruhusu mtu kutangaza mali yake kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, na kwa hiyo kutowasaidia wazazi wake wazee. Kwa sikio la juujuu hiyo ndiyo "Mungu kwanza" kamili: madhabahu imepata, wazazi watasubiri. Yesu anaiita kulitangua neno la Mungu kwa mapokeo. Na katika Mahubiri ya Mlimani anatumia neno "kwanza" kwa namna inayopaswa kututetemesha: ukileta sadaka ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka mbele ya madhabahu, "upatane kwanza na ndugu yako", kisha urudi. Hapa ibada inasubiri, na kwa kusubiri huko Mungu hajashushwa daraja; ametiiwa.

Nao waliotaka kuendelea kumiliki watu walielewa vizuri kule ambako imani hii inaelekea ikiachwa iseme yote. Mwaka 1807 ilichapishwa London Biblia iliyopunguzwa kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Uingereza. Simulizi la Waisraeli kutoka Misri liliondolewa. Liliondolewa pia lile neno la Wagalatia 3:28, kwamba katika Kristo hakuna mtumwa wala huru. Agizo la Waefeso kwamba watumwa watii mabwana zao lilibakizwa. Kama kumtanguliza Mungu wa Biblia kungekuwa chombo kizuri cha kuwatawala watu, pasingekuwa na haja ya mkasi. Kila anayetaka kumtumia Mungu kumfunga jirani yake hulazimika kukata kurasa, hata leo, ingawa siku hizi mkasi unatumika kimyakimya, kwa mistari michache inayorudiwa na mingi isiyosomwa kamwe.

Nina sababu binafsi ya kulisema hili kwa uchungu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa katika kila kamati ya kanisa nililosali, sikukosa mkesha, na sikuweza kumwambia kiongozi yeyote "hapana". Niliamini nimemweka Mungu mbele. Siku nilipougua na kulala wiki tatu, kilichoniumiza zaidi ya ugonjwa kilikuwa hofu kwamba wataniona nimepoa. Ndipo nilipomtambua bwana niliyekuwa nikimtumikia. Alikuwa macho ya watu, na nilimpa jina la Mungu.

Yakikubaliwa hayo, kuna mambo yanayofuata. Orodha inapaswa kuachwa. Mkristo anayepanga Mungu nambari moja, familia mbili, kazi tatu, atajikuta kila siku akimnyang'anya mmoja ili ampe mwingine, kana kwamba Mungu anashindana na mtoto wake kwa saa za jioni. Muumba hashindani na kiumbe kwa nafasi, kwa sababu hayumo katika safu moja nacho. Ndiyo maana 1 Timotheo 5:8 inaweza kusema kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Mtume hakuona mgongano kati ya madhabahu na nyumba, bali aliona kwamba anayeitupa nyumba hajafika kwenye madhabahu. Bwana Yesu anapodai kupendwa kuliko baba na mama, anaondoa haki ya ukoo kuwa mungu, haondoi wajibu wa kupenda. Mtoto anayependwa na mzazi asiyemtegemea kama mungu wake ana nafasi ya kupumua, kwa sababu habebeshwi kazi ya kumpa mzazi maana ya maisha.

Linalofuata linawahusu viongozi, na hapa sitapunguza maneno. Kuhoji matumizi ya sadaka, kutaka unabii upimwe, kuomba kiongozi awe chini ya uangalizi wa wenzake, yote hayo ni utekelezaji wa amri ya kwanza. Anayeyaita uasi anakiri, pengine bila kujua, kwamba amejiona akikalia kiti kisicho chake. Paulo, ambaye kama kuna mtu angeweza kudai mamlaka juu ya mikutano aliyoianzisha ni yeye, aliwaandikia Wakorintho: "Si kwamba tunatawala imani yenu, bali tu wasaidizi wa furaha yenu." Mwaka 1520 Luther aliiweka hali hiyo katika sentensi mbili zinazoonekana kupingana: Mkristo ni bwana huru juu ya vitu vyote, hayuko chini ya mtu yeyote; Mkristo ni mtumishi wa wote, yuko chini ya kila mtu. Ya pili haina afya bila ya kwanza. Anayetumikia kwa sababu hana ujasiri wa kukataa bado yuko Misri. Anayetumikia akijua angeweza kukataa, na kwamba asingepungua chochote mbele za Mungu, ndiye anayeielewa Wagalatia 5:13, inayowaita watu wapate uhuru na kisha watumikiane kwa upendo.

Na linalobaki ni namna tunavyowapokea wale walioondoka. Tumezoea kusema waliupenda ulimwengu. Huenda wapo waliofanya hivyo, lakini wengi niliowasikiliza hawakusimulia habari za ulimwengu. Walisimulia habari za sanamu waliyoikataa, iliyokuwa imevikwa mavazi ya ibada. Katika kukataa huko walikuwa karibu na Sinai kuliko sisi tuliobaki tumeinama kimya. Hawahitaji kwanza kuambiwa warudi. Wanahitaji kusikia kutoka kwetu, kwa sauti ya wazi na mbele ya mkutano uleule ulioshuhudia wakiumizwa, kwamba aliyewaumiza hakuwa Mungu.